Dawa moja, majina mengi: jinsi skrini ya daktari ilivyojifunza kutaja dawa

Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, iliingia sokoni Marekani kwa jina la Losec. Daktari akiliandika kwa haraka, mfamasia aliweza kulisoma Lasix, dawa ya kukojoza wanayopewa wenye maji mengi mwilini. Mwaka 1990 jina likabadilishwa, ikawa Prilosec.

Kompyuta ilitarajiwa kumaliza balaa hilo. Iliondoa mwandiko mbaya, ikaleta orodha: mhudumu anaandika herufi chache, majina yanashuka kwenye skrini, anabofya mojawapo. Hydralazine ya presha na hydroxyzine ya mzio zinafanana herufi nne za mwanzo, na katika orodha hukaa jirani. Kwa hiyo mwaka 2001 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilianza kuhimiza sehemu zinazotofautiana ziandikwe kwa herufi kubwa: hydrALAZINE, hydrOXYzine.

Ugumu mkubwa zaidi ni jina la biashara. Shirika la Afya Duniani lilianza kuoanisha majina halisi ya dawa kwa azimio la mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikatoka 1953. Majina hayo yana mpangilio: ukiona mwisho wa -pril, umelijua kundi la dawa. Jina la biashara halikuambii lolote. Dilacor iliyouzwa Marekani ilikuwa na diltiazemu. Iliyouzwa Serbia ilikuwa na digoksini. Zote ni za moyo, lakini ole wake msafiri atakayepewa moja badala ya nyingine.

Ndipo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilipotengeneza RxNorm, kamusi ya kompyuta inayounganisha kila jina la biashara na kiambato chake, kipimo chake na umbo lake.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. Kutokana na kazi hiyo ya Eldoret, mwaka 2004 ilianza OpenMRS, programu huria iliyoenea nchi nyingi. Humo pia kila kidonge kinachosajiliwa hufungwa kwenye dawa yake halisi.

Jina lipi litangulie basi? Nasimama na jina halisi, lakini la biashara lisifutwe. Kwa baadhi ya dawa za kifafa, kumhamisha mgonjwa kutoka chapa moja hadi nyingine kunaweza kurudisha degedege. Tena mgonjwa wa Morogoro au Kisumu hasemi amemeza parasetamoli; anasema Panadol, kama anavyosema Flagyl na Septrin. Mhudumu akiandika Panadol aipate, na hapohapo skrini imwonye kwamba parasetamoli imo pia katika dawa ya mafua ambayo mgonjwa huyo aliandikiwa juzi. Dozi hizo zikijumlika bila mtu kujua, ini ndilo linaloharibika.