Ofisi Ikifunga Mwaka 1977

Watu hudhani mchapishaji wa vitabu hufunga ofisi Krismasi kama karani mwingine yeyote: anafunga droo, anaaga wenzake, anapanda basi la ushago. Hapa Kenya si rahisi hivyo. Kwa miaka mingi mwaka wa shule umeanza Januari, na Januari ndipo mzazi husimama dukani na orodha ya vitabu mkononi. Kwa hivyo Desemba stoo inahesabiwa, wenye madeni wanapigiwa simu, na vitabu ambavyo bado viko kwa mpiga chapa vinaombewa dua. Tangu niache chuo nimefanya vibarua vya kusoma prufu, na nakuambia tarehe 20 Desemba hakuna anayeongea mambo ya riwaya. Ni hesabu ya darasa la nne tu.

Sasa fikiria kufunga ofisi kama hiyo Nairobi, Desemba 1977.

Februari mwaka huo Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Tunapoisimulia tunataja ndege na reli, lakini vitabu navyo viliumia. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa mali ya nchi zote tatu, na sasa nchi hizo hazikuwa na nyumba moja. Upande wa Kenya ukageuka Kenya Literature Bureau. East African Publishing House, iliyoanza 1965 na kumtoa Okot p'Bitek mwaka uliofuata, ilibeba eneo zima kwenye jina lake. Jina likabaki, soko likakatika.

Kwenye tawi la Heinemann la Nairobi alikuwapo Henry Chakava, Mkenya kijana aliyeliongoza. Mwandishi wake mkubwa alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Julai, Petals of Blood ilizinduliwa Nairobi na mgeni wa heshima alikuwa waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Ndiyo, serikali yenyewe ilikuja sherehe. Novemba serikali hiyohiyo ikazuia mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ona tofauti: riwaya ilikuwa kwa Kiingereza, mchezo kwa Gĩkũyũ.

Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake usiku wa kuamkia 31 Desemba, nchi ikiwa bado kwenye sikukuu, na akawekwa Kamĩtĩ bila kushtakiwa. Ofisi za mjini zilipofunguliwa Januari, wateja wa vitabu vya shule walikuja kama kawaida. Mwandishi hakuwepo.

Alitoka Desemba ya mwaka uliofuata, akiwa na riwaya aliyoiandika kwa Gĩkũyũ kwenye karatasi za choo za jela. Hapo ndipo namheshimu Chakava. Kitabu cha lugha ya nyumbani hakikuwa kwenye orodha ya mzazi yeyote, na hakuna shule ingekinunua Januari. Tena alitishwa, hata akashambuliwa kwa panga na kujeruhiwa kidole. Alikichapisha hata hivyo, 1980. Maoni yangu ni kwamba vile vitabu vya hesabu na jiografia ndivyo vilimpa nafasi ya kubahatisha. Sisi waandishi huwa tunavidharau, na ndivyo hulipa kodi ya ofisi.

Caitaani Mũtharaba-inĩ ilichapwa nakala 5,000, ambazo mchapishaji alitarajia ziuzwe kwa miaka kadhaa. Ziliisha kwa mwezi mmoja hivi. Kufika Desemba 1980 zilikuwa zimechapwa 15,000. Ngũgĩ alieleza baadaye kwamba zilisomwa kwa sauti nyumbani jioni, na kwenye baa pia. Huko msomaji alikuwa akifika mahali patamu, ananyamaza, anaweka kitabu chini, na hasomi tena mpaka mtu amjazie glasi.