Meza na Jamvi: Juu ya Kuingia kwa Meza ya Kulia katika Nyumba za Pwani

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka kwa Wareno, neno meza limezoeleka hata msemaji hadhani kwamba lilipata kuwa geni. Aghalabu huwekwa katika orodha moja na bendera, gereza, kasha, pipa, leso, kopo, mvinyo na nanasi, kisha wataalamu wa lugha hulipita bila ya kusimama. Yafaa tulisimamie kidogo, kwa sababu historia ya neno hili si historia ya kitu chenyewe, wala historia ya kitu si historia ya matumizi yake. Neno meza lilifika pwani mapema. Kula mezani, baba na mama na watoto na wazee pamoja, kila mmoja juu ya kiti chake, ni jambo lililokuja nyuma sana, na katika nyumba nyingi halijafika hata leo.

Suala hili halikunijia maktabani. Lilinijia karakanani kwa fundi seremala, tulikokwenda kuagiza meza kubwa ya kulia pamoja na viti vyake kwa nyumba ya watu wanane. Fundi hakuuliza kwanza juu ya mbao wala juu ya bei. Aliuliza, “Mtakaa wangapi?” Mama yangu, tuliyekwenda naye, akamjibu kwa swali: “Na mgeni akija?” Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonirudisha katika vitabu.

Tuanze na neno. Wako wanaosema kwamba meza halikutoka kwa Wareno bali lilitoka katika mez ya Kiajemi, ambayo yatumika pia katika Kihindi na Kiurdu kwa maana ile ile, na ambayo asili yake katika Bara Hindi imejadiliwa sana. Dai hilo si la kutupwa, maana bahari ya Hindi iliwaunganisha watu wetu na Waajemi na Wahindi kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa na Malindi katika mwaka wa 1498. Lakini sauti zenyewe zatoa ushahidi. Neno la kigeni likiishia kwa konsonanti, Kiswahili hulipa vokali mwishoni, na vokali hiyo aghalabu ni i au u: rang ya Kiajemi ikawa rangi, bandar ikawa bandari, kitab ya Kiarabu ikawa kitabu. Kwa njia hiyo mez ingelitazamiwa kuwa mezi. Mesa ya Kireno, kwa upande wake, ina a yake mwishoni, na s yake iliyo kati ya vokali hutamkwa z. Tena tukiiweka kando ya lenço, ambalo ç yake haina mghuno na ambalo kwetu limekuwa leso, twaona kwamba sikio la Mswahili lilizitenga sauti hizo mbili barabara: palipokuwa na z lilisikia z, na palipokuwa na s lilisikia s. Kwa hiyo nawaunga mkono walio wengi. Kufanana kwa jina hili na kitenzi kumeza ni ajali ya sauti tu, ingawa nimemsikia mtu wa makamo akishikilia kwamba meza imeitwa hivyo kwa kuwa ndipo watu wamezapo.

Jambo lililo na maana zaidi ni lile ambalo Wareno hawakutuachia. Kwao mesa huenda na cadeira, yaani kiti. Watu wa pwani waliipokea mesa na cadeira wakaiacha. Sababu yake ni wazi: kiti walikuwa nacho. Neno kiti ni la Kibantu halisi, lina shina moja na mti. Wakikuyu husema mũtĩ kwa mti na gĩtĩ kwa kiti, kama sisi. Mtu alikuwa na gogo lililochongwa, kigoda cha jikoni, kibao cha mbuzi wa kukunia nazi. Hivyo vyote ni mti wa kukaliwa. Kitu asichokuwa nacho ni ubao ulioinuliwa juu ya miguu mirefu, ambao mtu huketi mbele yake magoti yakiwa chini yake. Kitu hicho kilikuja na jina lake. Lugha, kama mnunuzi mwenye busara, ilichukua kile ilichokikosa.

Wala kiti chenyewe hakikuwa chombo cha kulia chakula. Mfano ulio mkubwa ni kiti cha enzi, ambacho James de Vere Allen alikiandikia makala mwaka 1989: kiti kipana cha mti mweusi, chenye mgongo ulionyooka, vipande vya pembe za ndovu vilivyotiwa kwa ustadi, kamba zilizosukwa katika kiwambo cha kukalia, na mahali pa kuwekea miguu. Kilijulikana hasa Lamu, Pate, Siyu na Mombasa. Jina lake latosha kueleza kazi yake. Hiki ni kiti cha cheo. Hukaliwa na mkubwa au na mgeni anayeheshimiwa, na heshima yake yatokana na kuwa wengine hawakukalia mfano wake. Mtu hawezi kuvipanga viti vya enzi vinane kuzunguka wali.

Chakula kilikuwa chini. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza jinsi wageni walivyoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Msomaji wa pwani akiyasoma maelezo hayo aijua karamu hiyo. Chombo cha mti kiliendelea kuishi kwa jina la chano. Baadaye sinia ya shaba ilikitwalia nafasi yake, na jina la sinia, kwa Kiarabu, lataja Uchina. Kawa la ukindu lilifunika chakula, mkeka au jamvi ukatandikwa, maji ya kunawa yakapitishwa, na watu wakakaa upande upande, bega la kulia likielekea chomboni. Mkono huo tumeuita mkono wa kulia kwa sababu ndio unaolia chakula. Nasema hayo kwa makusudi, kwa sababu mpangilio huo wa miili una hesabu yake: watu wakikaa upande, sinia moja yaweza kumpokea mmoja zaidi kila mara. Husemwa tu, “Songeni,” na mduara hufunguka.

Lakini tusilifanye jamvi kuwa usawa mtupu. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, na akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ameeleza mlo katika nyumba ya baba yake, Seyyid Said. Nyumbani mle mlikuwa na viti na meza za Kizungu, lakini vilikuwa zaidi vya kutazamwa kuliko kutumiwa. Chakula kiliandaliwa juu ya sefra, ubao mrefu na mpana ulioinuka inchi chache tu kutoka sakafuni, nao walaji wakakaa chini juu ya mazulia na mikeka. Kila mtu alikuwa na mahali pake kwa daraja yake, na masuria hawakula pamoja na Sultani, hata wale waliomzalia watoto. Sufra ya Waarabu, kwa asili, ni chakula cha msafiri, kisha ngozi au kitambaa cha kutandikia chakula hicho. Hapo kwa Seyyid Said imekwisha kuwa samani, lakini bado haijainuka ikawa meza.

Maelezo haya yana thamani kubwa kwa suala letu. Twaona nyumba iliyo tajiri kupita zote za pwani, karibu miaka 350 baada ya Wareno kufika na zaidi ya miaka 100 baada ya kuondoka, ina meza na haili mezani. Mwenye kununua hakukosa fedha, wala hakukosa neno, hakuhitaji tu. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wa pwani walikula chini kwa kuwa hawakujua meza, amekosea.

Waliokula mezani wakati huo walikuwa wageni: Mmarekani aliyefungua ubalozi Unguja mwaka 1837 baada ya mapatano ya 1833, Mwingereza aliyemfuata mwaka 1841, wafanya biashara na wamisionari. Nyumba zao zilihitaji watumishi, na watumishi walihitaji neno. Ndipo lilipopatikana lile ambalo kamusi za zamani hulitoa pamoja na kitenzi andika: kuandika meza, yaani kupanga sahani na visu juu yake. Leo kijana akisikia “nimeandika meza” hudhani kuwa meza imetiwa wino. Lakini andika ya kupanga vitu ni andika halali. Naona ajabu kwamba Mswahili alitandika jamvi kwa ajili yake mwenyewe na akaandika meza kwa ajili ya mwingine.

Mgawanyo huo umeacha alama katika misemo. Jamvi limetupa kuvunja jamvi, yaani kufunga mkutano, na husemwa hivyo hata katika ukumbi ambao hauna jamvi lolote, watu wote wakiwa vitini. Kiti kimetupa mwenyekiti, neno la ofisi. Na meza? Twasema meza kuu, meza ya mazungumzo, kuweka hoja mezani. Yote ni ya mkutano, shauri na serikali. Hakuna hata moja linalonuka mchuzi. Nikiwa mwanafunzi ughaibuni nilizoea kusikia lugha za wenzangu zikiitumia meza kwa maana ya nyumba na ukarimu. Kwetu maana hiyo imeshikwa na sinia na jamvi. Mahali pamoja ambapo meza ya Kiswahili imepata utamu wa chakula ni katika Maandiko ya Wakristo, kwa mfano Zaburi ya 23 katika tafsiri ya mwaka 1952. Lakini utamu huo ulitoka katika asili iliyofasiriwa.

Wala Wazungu wenyewe hawakuzaliwa mezani. Katika kumbi za Uingereza ya zamani meza ilikuwa mbao zilizowekwa juu ya magogo ya miguu na kuondolewa baada ya kula. Kiti chenye mgongo kilikuwa cha bwana, na wengine wakakaa juu ya mabenchi. Chumba maalumu cha kulia, chenye meza isiyohama na viti vinavyofanana, kilienea kwao baadaye. Hivyo samani tunayoitazama dukani kana kwamba ndiyo desturi ya Ulaya tangu kale, ni mgeni wa juzi huko pia.

Sasa nirudi kwa fundi, kwa kuwa swali lake lilikuwa la hesabu. Mlaji mmoja mezani huhitaji ukingo wa sentimita 60 hivi. Meza ya mita 2 yatosha watu wanane, watatu kila upande na mmoja kila kichwa. Ukitaka isiwe na mtu kichwani, yakupasa uirefushe hadi mita 2 na sentimita 40, wanne kwa wanne. Kimo chake ni sentimita 75, na kiti 45. Nyuma ya kila kiti ibaki nafasi ya kukivuta. Mbao alizotuonyesha ni mninga na mvule. Mvule mchwa hawauwezi kwa urahisi, nasi tukauchagua bila ya mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya vichwa vya meza. Sinia haina kichwa. Meza ya pembe nne inavyo viwili, na mara mtu anapoketi pale, nyumba imekwisha kusema nani ni nani, kama ilivyosema sefra ya Seyyid Said. Tulifikiri juu ya meza ya duara, lakini duara la watu wanane lina kipenyo cha mita moja na nusu au zaidi, na bakuli lililo katikati mtoto halifikii.

Jambo lililomsumbua mama yangu lilikuwa jingine. Viti vinane ni idadi. Mtu wa tisa akibisha hodi wakati wa chakula, ama asimame, ama mmoja ainuke, na mgeni akiona mtu ameinuka kwa ajili yake hashibi. Jamvini hakuna aliyepata kumhesabu mtu. Nilimweleza habari za Wareno na habari za Bibi Salme, naye alinisikiliza kwa subira, kisha akamgeukia fundi na kumwuliza kama aweza kutengeneza benchi refu la upande mmoja, lisilo na mgongo, ili watu waweze kusogeleana. Fundi akasema ni kazi rahisi kuliko viti. Akaandika katika daftari lake: meza moja ya mvule, mita 2.40, viti vinne, benchi moja.