Mashine Inayokufa kwa Kulala

Ukitaka kuua injini ndogo ya petroli, usiichoshe kwa kazi. Ilaze tu. Mashine ya kukata nyasi inayozunguka uwanjani kila wiki hudumu miaka. Ile iliyofungiwa stoo nusu mwaka na petroli ndani, siku ya kuitoa mwenyewe atavuta kamba mpaka bega liume, na mashine kimya kama imenuniwa. Fundi wa mtaani atakwambia hata kabla hajashika spana: kabureta imeziba hiyo, bwana.

Lakini kwa nini chombo hiki kilizoezwa kulala? Hapo ndipo historia inapoingia, na wala si historia ya majani peke yake.

Ilianzia Stroud, magharibi ya Uingereza, penye viwanda vya nguo za sufu. Viwandani mle mlikuwa na mtambo wa kunyoa kitambaa kiwe laini: silinda yenye visu inayozunguka. Fundi mmoja, Edwin Budding, akawaza kwamba kinachonyoa sufu kitanyoa na majani. Mwaka 1830 akapata hataza. Inasimuliwa kwamba aliijaribu mashine yake usiku, majirani wasimwone kichaa.

Kabla ya hapo nyasi za matajiri zilikatwa na vibarua wenye mafyekeo marefu, waliodamka alfajiri kwa kuwa majani yenye umande hukatika vizuri. Budding aliinadi mashine yake kwa kusema mabwana wa mashambani wangeifurahia kama mazoezi ya mwili. Haya, kazi ya kibarua ikapewa jina la mazoezi! Ila chuma kilikuwa kizito, na mashine ikawekewa mpini wa pili kwa mbele ili mtu mwingine aivute. Huyo mwingine hakuwa bwana, nadhani tunaelewana. Baadaye zilikuja mashine kubwa za kukokotwa na farasi, nao wakavalishwa viatu vya ngozi wasichimbue uwanja kwa kwato.

Kule baridi ikiingia nyasi huacha kukua, basi mashine nayo hupumzishwa: inafutwa, inapakwa mafuta, inasubiri. Kwa chuma kitupu hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa. Mambo yalianza kuwa magumu chombo kilipopewa moto. James Sumner wa Leyland alipata hataza ya mashine ya mvuke ya kukata nyasi mwaka 1893. (Ndiyo, Leyland hiyo hiyo: kampuni aliyoshiriki kuianzisha ndiyo iliyozaa malori tunayoyajua.) Mvuke maana yake maji, na maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Usipoyamwaga kabla ya theluji, umekwisha. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuuza mashine ya petroli, na mvuke haukuchukua muda kusahaulika.

Marekani ndiyo iliyomfanya kila mwenye nyumba kuwa na injini bandani. Kuanzia mwaka 1947 zilijengwa nyumba kwa maelfu huko Levittown, karibu na New York. Mkataba ulimtaka mkazi akate nyasi angalau mara moja kwa wiki, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Novemba. Asipokata, kampuni ingekata na kumletea bili. Kalenda ya mashine ikawa sheria: miezi saba kazi, miezi mitano usingizi. Na mkataba huo huo ulikuwa na kifungu kingine: asikae humo mtu yeyote asiye Mzungu. Mtumishi wa ndani, ruksa. Walioandika ratiba ya majani ndio walioandika nani asiyakanyage kama mwenyeji. Injini nyepesi za alumini zilizoanza kutengenezwa na Briggs & Stratton mwaka 1953 zilizidi kueneza mtindo huo wa maisha, pamoja na kazi yake ya kila vuli.

Na kazi hiyo si mchezo. Petroli ikikaa huchacha. Sehemu nyepesi huruka hewani, inayobaki hugeuka utando wa kunata ndani ya tundu la kabureta lililo jembamba kuliko sindano. Siku hizi petroli ya nchi nyingi imechanganywa na ethanoli, na ethanoli huvuta maji. Kwa hiyo ama utoe mafuta yote na kuiacha injini iungurume mpaka izimike, ama utie dawa ya kuyahifadhi, kisha uiwashe dakika chache ifike kwenye kabureta. Oili chafu nayo imwagwe ingali vuguvugu, maana ina tindikali inayokula chuma polepole. Toa plagi, dondoshea mafuta kidogo ndani ya silinda, vuta kamba taratibu ili yapake kuta. Kwangua majani yaliyoganda chini ya kisu, hayo hushika unyevu na kuleta kutu. Na usiilaze karibu na moto. Mvuke wa petroli hauna urafiki.

Vitabu vya maelekezo vinasema fanya hayo kabla ya majira ya baridi. Ukiisoma sentensi hiyo Dar es Salaam unabaki kucheka, kwani hapa kinachosimamisha majani ni kiangazi. Mashine hulala kwenye joto na vumbi, na joto huiwahisha petroli kuharibika. Kisha mvua za masika zinashuka, nyasi zinapanda kwa wiki moja, injini imegoma. Wanafunzi wanaotumwa shuleni na fyekeo mkononi hawana tatizo hilo: fyekeo unalipiga tupa, unakata.

California ilipitisha sheria mwaka 2021, na tangu 2024 mashine mpya nyingi za namna hii zenye injini ya petroli haziruhusiwi kuuzwa huko, kwa ajili ya moshi. Zilizoshika nafasi zinatumia betri. Nazo zina masharti yao ya kulala: zisiachwe tupu, zisijazwe pomoni, ziwekwe mahali pakavu pasipo joto kali.