Kioo Cheusi na Hamali Waliopotea

Mgeni mmoja alinionyesha picha aliyoipiga kwenye bandari ya majahazi ya Malindi, hapa Unguja. Bahari imelala kama maziwa bakulini, mawingu yametandazwa kama pamba iliyochambuliwa, na gatini hakuna hata kiumbe. Nikamwuliza kama alikwenda siku ya sikukuu. "La, Mzee," akanijibu, "ilikuwa saa tatu asubuhi, hamali wamejaa tele." Kisha akanitolea kioo cheusi kilichowameza.

Kumbe kisa hicho kina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Nicéphore Niépce, Mfaransa, alipoinasa taswira ya uani kwake Saint-Loup-de-Varennes, mwaka 1826 au 1827, bamba lake lililopakwa lami lilihitaji mwanga kwa muda mrefu mno, hata jua likaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili: asubuhi na jioni ndani ya picha moja. Mwaka 1838 Louis Daguerre akaielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, mjini Paris, barabara ya pirikapirika za watu na magari ya farasi. Bamba likakaa wazi dakika kadhaa. Wapitao hawakuacha alama. Alibaki bwana mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu, na umbo lililofifia la aliyekuwa akimsugulia. Samuel Morse, yule wa telegrafu, aliiona picha hiyo mwaka 1839 akaustaajabia utupu wa barabara ile. Mfanyakazi yule, tazama, ameingia katika historia kwa kuwa tu mteja wake hakuwa na haraka.

Wale walishurutishwa na udhaifu wa dawa zao. Sisi tuna kamera ziwezazo kulisimamisha bawa la ndege, basi ukawiaji tunaununua dukani kwa umbo la kioo. Nguvu yake hupimwa kwa hatua, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Kioo cha hatua 6 hupitisha sehemu moja ya 64 ya mwanga. Cha hatua 10, sehemu moja ya 1,024. Picha ambayo ingechukua sehemu moja ya 60 ya sekunde huchukua sekunde moja hivi kwa kioo cha kwanza, na sekunde 17 kwa cha pili. Cha hatua 15 huifikisha dakika 9. Vioo vingine vya hatua 10 huandikwa 3.0, hiyo ni hesabu ya logi, urithi wa Ferdinand Hurter na Vero Driffield, mkemia na mhandisi wa kiwanda cha kemikali huko Widnes, Uingereza, waliochapisha mwaka 1890 utafiti wao wa kupima weusi wa mabamba. Sadfa iliyoje: Michael Kenna, bingwa wa picha za usiku zichukuazo saa nyingi, alizaliwa mji huohuo mwaka 1953.

Wengi hukimbilia kioo kizito kuliko vyote. Mimi sikubaliani nao. Sekunde moja huliachia wimbi mwendo wake, na hamali huonekana kama kivuli kinachosukuma rukwama. Sekunde 17 humfuta. Kwa dakika 9 hata jahazi lililotia nanga huyumbayumba likawa ukungu. (Tena vioo vizito vya bei rahisi huvujisha mwanga usioonekana wa upande wa wekundu, picha ikatoka na rangi ya kutu.)

Alexey Titarenko alilijua hilo. Mwaka 1992, Muungano wa Kisovieti umekwisha kusambaratika, aliupiga picha umati kwenye kituo cha metro cha St. Petersburg. Miili imegeuka moshi, lakini mikono imebaki imeshika reli ya ngazi.

Nilimsimulia mgeni wangu habari ya mikono ile. Kesho yake alirudi Malindi na kioo cha hatua 6. Safari hii alipata mabega, makapu, na kiganja kimoja kilichotulia juu ya kamba ya jahazi.