Besi ya Nyuzi Mbili

Wengi walioandika juu ya roki mbadala ya Marekani ya miaka ya tisini wameisifu, au wameilaumu, kwa ngurumo za magitaa yake. Hawakukosea, ila wamesikiliza nusu. Tungo nyingi za zama zile zilijengwa kwa desturi moja: ubeti huenda kwa utulivu, kisha kiitikio hulipuka. Katika ubeti magitaa hunyamaza au hunong'ona, na wanaoubeba ni mpiga besi na mpiga ngoma. Kundi la Pixies, la mjini Boston, ndilo lililoizoesha desturi hiyo mwishoni mwa miaka ya themanini. Kim Deal, aliyejiunga nalo mwaka 1986 kwa kuitikia tangazo la gazetini, hakuwa hata na ala yake mwenyewe. Ilimbidi aazime besi ya pacha wake. Kurt Cobain wa Nirvana alikiri mwaka 1994 kwamba aliwaiga hao Pixies, na katika kundi lake mzigo wa beti tulivu ulikuwa wa Krist Novoselic, ambaye wengi humkumbuka zaidi kwa besi aliyoirusha hewani jukwaani mwaka 1992, ikashuka na kumpiga kichwani. Ndiyo sifa wapatayo wapiga besi.

Lakini aliyeifikisha besi mbali kuliko wote hakutafuta mlipuko wowote. Mark Sandman alizaliwa mwaka 1952 huko Massachusetts, na alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu alipoasisi kundi la Morphine katika mji wa Cambridge mwaka 1989. Walikuwa watatu: yeye kwa besi na sauti, Dana Colley kwa saksafoni ya baritoni, na mpiga ngoma, kwanza Jerome Deupree, kisha Billy Conway. Gitaa la kawaida halikuwa nguzo ya kundi hilo. Katika zama ambazo gitaa ndilo lililokuwa bendera ya roki, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Ili kuielewa besi ya Sandman yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la besi lililoitwa Precision, yaani usahihi. Jina hilo halikutolewa ovyo. Besi kubwa ya kusimamishwa, ambayo wasikilizaji wa taarabu wanaifahamu, haina vijiti vya chuma shingoni, na mpigaji huitafuta sauti kwa sikio na kidole. Fender alivipanga vijiti hivyo shingoni mwa ala yake yenye nyuzi nne, na tangu hapo hata mwanagenzi aliweza kuipata sauti pale pale inapostahili kuwa.

Sandman aliukataa usahihi huo. Awali alijaribu uzi mmoja, kisha akaongeza wa pili, akaishia hapo. Badala ya kubana nyuzi kwa vidole, aliteleza juu yake kwa mrija mgumu aliouvika kidoleni, kama wafanyavyo wapiga gitaa wa bluuzi. Vijiti vya Fender vikawa havina kazi tena. Sauti haikuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ilipanda na kushuka kama mtu anayeguna, na humo katikati ya sauti mbili ndimo alimoimba, kwa sauti yake nzito iliyokaribia kuwa mazungumzo. Saksafoni ya Colley ilishuka ikamkuta kule kule chini. Mtunzi wa mashairi aliyezoea kufungwa na mizani hatashangaa kwamba upungufu wa nyuzi ulimzalishia mengi. Mimi binafsi naiona albamu ya Cure for Pain, ya mwaka 1993, kuwa miongoni mwa kazi chache za wakati ule zisizochakaa. Wenyewe waliuita muziki wao roki ya chini.

Umaarufu mkubwa haukuwajia, ingawa mwaka 1997 albamu yao ya nne ilitolewa na kampuni kubwa ya DreamWorks. Tarehe 3 Julai 1999, katika mji wa Palestrina nchini Italia, Sandman alianguka jukwaani mbele ya hadhira, moyo ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 46. Albamu ya The Night ilitoka mwaka uliofuata.

Wenzake walizunguka na kundi kubwa zaidi kuzipiga nyimbo za albamu hiyo, na mwaka 2009 Colley na Deupree wakaanza upya pamoja na Jeremy Lyons, ambaye alilazimika kujifunza besi ile ya nyuzi mbili. Huko Cambridge, njia panda iliyo karibu na kumbi alizozoea kupiga imepewa jina la Mark Sandman.