Bwawa Lililochimbwa kwa Shokoa

Ukishuka kutoka kilima cha Nsambya, ukapita Katwe na mzunguko wa Kibuye, kisha ukaelekea Ndeeba, utafika penye maji mapana yaliyozungukwa na nyumba. Waganda huyaita Nyanja ya Kabaka. Wengine husema ziwa. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kusita hapo kidogo. Ziwa ni kazi ya Mungu, lakini maji yaliyokusanyika mahali palipochimbwa na binadamu sisi huyaita bwawa.

Katika Kampala ya leo neno bwawa hutukumbusha hoteli: vigae vya buluu, ngazi ya chuma, na kiingilio mlangoni. Hili la Mengo halina kigae hata kimoja. Usanifu wake ni wa udongo mtupu, nalo lilijengwa kwa kuondoa badala ya kuweka. Ndiyo maana mgeni hupita kando yake asijue kwamba ameona jengo kubwa la karne ya 19.

Aliyeamuru lichimbwe ni Kabaka Mwanga wa Pili, aliyerithi kiti mwaka 1884 kabla hajafikisha miaka 20. Alipenda sana maji na mitumbwi. Nia yake ilikuwa kuchimba mfereji kutoka Mengo hadi Munyonyo, ufukweni mwa Nyanja ya Viktoria, mwendo wa kilomita zipatazo 10, ili aweze kusafiri kwa mtumbwi kutoka karibu na jumba lake. Wapo wanaosema alitaka pia njia ya kukimbilia siku ya hatari. Sioni sababu ya kuchagua moja tu: mfalme mpenda anasa aweza kuwa mwoga vilevile.

Buganda ilikuwa, na bado inayo, desturi iitwayo bulungi bwansi, yaani wema wa nchi. Watu wa kijiji hutoka pamoja kufyeka barabara au kusafisha kisima, bila malipo, kwa sababu kila mmoja atapita barabara ile na kunywa maji yale. Kazi ya bwawa ilivaa vazi la desturi hiyo huku ikikosa moyo wake. Watu waliitwa kwa wingi. Hata machifu, wazee wenye heshima zao, walilazimika kushika jembe na kubeba matope, na aliyechelewa alitozwa faini. Kiswahili kina neno kamili kwa kazi ya namna hiyo: shokoa. Tafadhali usilisahau neno hili, kwa maana limeanza kupotea vinywani mwetu.

Chifu aliyepakwa matope mbele ya watu wake hasahau upesi. Manung'uniko ya bwawa yaliongezeka juu ya mengine mazito zaidi, yakiwamo mauaji ya Wakristo ya mwaka 1886. Mnamo Septemba 1888 Mwanga alipanga kuwapeleka Waislamu na Wakristo wenye silaha kwenye kisiwa cha Nyanja ya Viktoria na kuwatelekeza huko. Walipata habari, wakakataa kupanda mitumbwi, wakampindua na kumtawaza nduguye Kiwewa. Mwanga akakimbia, na majembe yakawekwa chini.

Mwanga alirudi kitini mwaka uliofuata. Ni yeye huyo aliyewapa wamisionari wa Mill Hill kilima cha Nsambya mwaka 1895, ambako Mama Kevin na masista wenzake walifika mwaka 1903 na kuanzisha tiba iliyokua ikawa hospitali tunayoijua. Mwaka huohuo wa 1903 Mwanga alifariki uhamishoni Ushelisheli.

Falme zilifutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993. Bwawa limebaki likihesabiwa kuwa urithi wa Kabaka, na jina lake linasema hivyohivyo. Lakini ukisimama ukingoni, jaribu kuhesabu ni mikono mingapi iliyoutoa udongo ule, kisha ulitafute kando ya maji jina la mchimbaji hata mmoja. Nje ya Mengo mfereji haukuendelea. Kati ya bwawa na Munyonyo leo kuna barabara, masoko na mitaa, na maji yangali yametuama palepale wachimbaji walipoyaacha.