Mlango wa Kanisa Letu, Jumatatu hadi Jumamosi



Desemba iliyopita, kama wengi wenu, nilipanda Lushoto kula Krismasi na wazee. Siku ya Jumatano nilipita kanisani kwetu. Nilikuta mabati mapya, rangi mpya na kufuli mlangoni. Rangi ile tuliilipia sisi kwa harambee, na hesabu zake niliziandaa mimi. Kila shilingi ilionekana ilikokwenda. Swali moja tu halikuwamo vitabuni mwangu: jengo hili lina kazi gani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi?

Wazee wetu wasingeulizwa swali hilo. Wamisionari wa Kijerumani, ambao shirika lao lilikuja kujulikana kwa jina la Bethel, walifika Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1895 walifungua kituo Vuga, kwenye mji wa Kimweri ye Nyumbai, ambako Krapf alikuwa amefika tangu 1848. Vituo hivyo havikuwa vya ibada tu. Watoto walisoma, wagonjwa walitibiwa, na Vuga pakawa na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya nyimbo na mafundisho.

Lutindi inatufundisha zaidi. Mwaka 1896 palifunguliwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Watoto wale wakakua, na biashara ya utumwa ikakoma. Mhasibu kama mimi angesema mradi umekamilika, funga vitabu, gawa mali. Wao wakatazama ni nani mwingine hana pa kukaa, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao hata ndugu zao waliwaogopa. Hospitali hiyo ipo hadi leo. Mahali ni palepale. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Kisha vikaja vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Walirudi, na Vita ya Pili ikawaondoa tena. Mara zote mbili walimu na wainjilisti wa Kisambaa walibaki na sharika mikononi mwao, na hazikufa. Mwaka 1963 Kanisa la Usambara-Digo lilikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyounda KKKT. Leo tunaliita Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Nendeni pia Irente. Shamba la dayosisi linatengeneza jibini, jamu na mkate, na wageni wanaokwenda kutazama Mazinde kutoka juu ya jabali hupita kununua. Hapohapo Irente kuna shule ya wasioona na makao ya watoto wachanga waliopoteza mama zao. Hakuna anayeuliza kama hilo ni kanisa au si kanisa.

Sasa turudi kwenye kufuli letu. Vijana waliobaki nyumbani wana mawazo. Wanataka chumba cha nyuma kiwe cha kusomea jioni, chenye taa za sola. Wanataka matarumbeta yaliyofungiwa stoo yatengenezwe, watoto wafundishwe kupiga. Akina mama wanataka pa kuacha watoto wadogo wanapokwenda shamba, na wanasema wazi kwamba watoto wa majirani zetu Waislamu nao wapokelewe, maana shamba ni lilelile na mteremko ni uleule.

Mzee mmoja alipinga: "Nyumba ya Mungu si gulio." Namheshimu, na ibada ibaki na heshima yake. Lakini nilimkumbusha mnada wa mavuno, jogoo anaponadiwa baada ya ibada, bei inapanda, watoto wanacheka hadi machozi. Akacheka naye. Siku hiyo hakuna anayetaka kuondoka mapema.

Katika hesabu, jengo hukatwa uchakavu kila mwaka, litumike lisitumike. Lililofungwa huchakaa pia, tena bila kumfaa mtu. Darasa la kipaimara linapungua, vijana wanashuka Tanga na Dar es Salaam kama tulivyoshuka sisi. Tukiendelea kupaka rangi tu, tutabaki na jengo zuri la kuzikiwa.

Kwa hiyo mwaka huu naomba mchango wenu usiwe wa rangi. Uwe wa madawati, taa, kutengeneza matarumbeta na posho ya mama atakayelea watoto. Nami naahidi kuongeza safu moja katika taarifa ya mwakani: mbali na shilingi zilizoingia na zilizotoka, nitaandika saa ambazo mlango ulikuwa wazi. Hiyo ndiyo hesabu mtakayonidai.